Bibi Harusi wa Kabla ya Mapumziko

Nawal binti Mansour Shamte hajawahi kuolewa India. Hakutoroka kwao Stafford, kando ya Houston, hakubadili dini, hakuonyesha tumbo mbele ya kamera, wala hakurudi Texas kwa kufukuzwa. Hayo yote yamesemwa. Yamesemwa Houston na yamesemwa Dallas, misibani na kwenye maulidi, na yupo aliyeyasema huku mdomo umejaa vileja vya nyumba ile ile anayoisengenya. Jina lake linajulikana na litahifadhiwa. Yafuatayo ndiyo yaliyotokea.

Baba yake, marehemu Mansour Shamte, alikuwa mtu wa Unguja, mhandisi wa maji, mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba na kasoro moja tu: filamu za Kihindi. Mama yake Mansour alikuwa wa ukoo wa Wakachi, Wahindi waliohamia Unguja zamani, na ndiko Nawal alikotoa nyusi zile na macho yale ambayo watu hudhani kayapaka wanja hata akiwa katoka usingizini. Mama yake Nawal, Bi. Mwanabaraka, alifundisha historia sekondari kabla ya kuja Marekani, na huku ni mkalimani hospitalini. Kwake kusema jambo lisilo na uhakika ni sawa na kutoka nje bila viatu.

Ijumaa jioni sheria za nyumba hiyo zililegezwa. Baba aliweka filamu, akakaa zuliani na binti yake, na wote wawili wakaigiza kila kilichopita kwenye kioo. Nawal alijifunga leso ya mama yake kama sari. Baba alijichora masharubu kwa wino akawa jambazi, kisha akayafuta kwa mate akawa steringi, shujaa mwenyewe. Bi. Mwanabaraka alikaa kitini na kitabu mkononi, akisema hana haja na upuuzi ule. Lakini Nawal aligundua mapema kwamba kitabu kile kilikuwa hakifunuliwi ukurasa.

"Mama, umeishia wapi?" alikuwa akimchokoza.

"Pale pale nilipo. Tazama sinema yako."

Baba alifariki Nawal akiwa sekondari. Ijumaa zikawa kimya. Leso ikarudi sandukuni, naye akaenda chuo kusomea upigaji wa picha za ndani ya mwili, zile za akina mama wajawazito na wagonjwa wa moyo, kazi ambayo mama yake aliipenda kwa sababu haina kubahatisha.

Chuoni alikuwa na rafiki Mhindi wa Kitelugu, Sravanthi, ambaye mjomba wake alitengeneza filamu Hyderabad, huko India. Mwaka mmoja mjomba huyo alikuja na watu wake kupiga filamu Irving, karibu na Dallas, kwani huko Wahindi ni wengi, nyumba ni kubwa na barabara ni pana. Sravanthi alitaka kwenda kuona, na hakutaka kwenda peke yake. Nawal akamwambia mama yake kwamba wanakwenda kujisomea kwa kina Sravanthi. Hakusema kuwa kina Sravanthi wa siku hiyo wako Irving, mwendo wa saa nne kwa gari.

Walikuta watu wamechanganyikiwa. Msichana aliyetakiwa kuigiza dada wa steringi alikuwa amenyimwa viza. Mjomba alimtazama Nawal, akamtazama tena, akamwuliza kwa Kiingereza:

"Wewe, unaweza kulia?"

"Kwa nini nilie?"

"Kaka yako anasafiri."

Wakamsimamisha mlangoni, wakamwelekeza amtazame kijana aliyebeba sanduku. Wakati huo huo simu ikatetemeka mkononi mwake. Nawal akatupa jicho akaona jina la mama yake, na kwamba alikuwa amempigia mara nyingi mno. Machozi yakamtoka palepale. Hayakuwa ya kuigiza hata kidogo. Alilia kwa kuona dhahiri namna atakavyopokelewa nyumbani.

"Basi, basi!" mjomba alipiga makofi. "Huyu nilikuwa namtafuta!"

Alipokelewa kama alivyotarajia. Lakini mjomba wa Sravanthi alikuwa mtu wa adabu. Wiki hiyo hiyo aliendesha gari hadi Stafford na mkewe, wakaja na maua na sanduku la peremende, wakamwomba Bi. Mwanabaraka ruhusa ya kumpeleka Nawal Hyderabad kwa filamu nyingine.

Bi. Mwanabaraka aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akataja masharti yake kama anayesoma mtihani. Hakuna kubusu. Hakuna tumbo wazi wala mgongo wazi. Sala zisaliwe kwa wakati wake. Likizo za chuo tu, masomo yasiguswe. Na mwisho: "Nami nitakuwepo. Kila siku. Kiti changu kiwe karibu na kamera."

Mjomba alikuna kidevu. "Mama, kwa masharti haya atapata nafasi za watu wema tu. Mwalimu, dada, mchumba asiye na bahati."

"Hizo ndizo nafasi zinazomfaa," akajibu Bi. Mwanabaraka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wanaosema binti alikwenda India kujiachia wamwulize yeyote aliyefanya kazi pale. Bi. Mwanabaraka alichukua likizo bila malipo, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, na mtandio wake umenyooka katika joto lile. Fundi wa nguo alipoleta blauzi fupi, aliiangalia, akatoa sindano kwenye mkoba wake na kushonea kitambaa mwenyewe. Baada ya siku chache fundi alikuwa akimletea blauzi za waigizaji wengine pia, maana mkono wake ni mzuri. Wapiga kamera wakamwita Amma, yaani mama kwa lugha yao. Mwongozaji, kijana mwenye pupa, akipandisha sauti, alikuwa kwanza anageuka kuangalia kile kiti.

Nawal hakujua Kitelugu. Hilo halikumsumbua mtu, kwani huko mwigizaji mgeni husomewa maneno kutoka pembeni, naye huyarudia kwa kuchezesha midomo, halafu mwanamke mwingine kabisa huingiza sauti baadaye. Filamu ilipoonyeshwa Irving na Nawal akafungua mdomo kwenye kioo, ikatoka sauti nyembamba kama ya filimbi. Bi. Mwanabaraka akanyanyuka kitini.

"Sauti ya nani hiyo?"

"Mama, kaa. Wameniwekea."

"Nimekuzaa na sauti yako! Nani kalalamika?"

Watu wa nyuma wakasema shii, naye akakaa, lakini jambo lile hajalisamehe mpaka leo.

Zilikuwa filamu nne kwa jumla. Katika ya kwanza alilia mlangoni. Katika ya pili alikuwa mwalimu wa kijijini na kupewa wimbo mzima wa kucheza na watoto mvuani. Katika ya tatu alikuwa bibi harusi, na hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Ya nne wachache wameiona, na haihitaji kuongezwa hapa.

Siku ya kupiga harusi ile, Nawal alivishwa nyekundu na dhahabu ya bandia mpaka shingo ikamwuma. Moto uliwashwa katikati, naye azunguke na steringi kama desturi yao ilivyo. Steringi alikuwa na mzio wa moshi. Kila walipofika nusu ya mzunguko alipiga chafya, wakaanza upya. Kasisi alikuwa mwigizaji mstaafu aliyevaa saa ya mkononi, wakamvua, akaivaa tena, wakamvua. Bi. Mwanabaraka alikuwa kitini mwake na sahani ya vitumbua vyao vile vya mchele, akila taratibu huku binti yake akiozwa kwa mara ya ishirini na kitu.

"Mama, hutoi hata machozi?" Nawal alimwuliza wakati wakibadilisha taa.

"Nimechoka na huyu mkwe. Kila saa chafya. Mrudishe kwao."

Alipomaliza chuo, Nawal aliachana na filamu, akaajiriwa hospitali moja Houston. Alipenda kusema kwamba zamani alipigwa picha na sasa ndiye anayepiga. Wajawazito wa Kihindi walimkodolea macho kitandani, wengine wakakumbuka, na mmoja alimwita mumewe kutoka kwenye maegesho aje amwone mwalimu wa mvuani. Nawal alimwambia mume atazame mtoto wake kwanza.

Kwenye Idi moja Houston ndipo alipokutana na Majaliwa, kijana wa Tanga anayeishi Euless, jirani na Dallas, na kufanya kazi ya kupanga mizigo ya ndege uwanjani. Majaliwa hakuwa ameona filamu yake hata moja. Alimwuliza kama sahani ya biriani aliyoshika ina mwenyewe. Walizungumza mwaka mzima kwa simu na kwa heshima, na Majaliwa akaja Stafford mara tatu kumsalimu Bi. Mwanabaraka, kila mara amevaa koti hata katika joto la Agosti. Kilichobaki kilikuwa posa. Kwa vile wazazi wake wako Tanga, posa ingeletwa na shangazi yake aliyemlea, Bi. Riziki, muuza udi na madira anayejulikana Euless nzima kwa kauli yake kali. Siku ilipangwa. Bi. Mwanabaraka alikwisha kununua vikombe vipya.

Ndipo kikatokea kile kipande cha video. Mtu alikikata kutoka ile filamu ya tatu, dakika mbili tupu: moto, nyekundu, shada la maua shingoni, Nawal ameinamisha uso. Akakitia kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa Texas na chini yake akaandika: *Mtoto wa marehemu Mansour kumbe mke wa Mhindi. Familia imeficha.* Mtu wa kabila lingine angejua mara moja kuwa ni sinema. Lakini ndugu zetu walijua kuwa Nawal alikwenda India, walijua ana damu ya Kachi, na zaidi ya yote video ilikuwa imeingia simuni baina ya video mbili za harusi za kweli. Kufika adhuhuri, Houston ilikwisha kumwoza, na kufika alasiri, Dallas ilikwisha kumpa watoto.

Bi. Riziki alipiga simu, sauti baridi. "Bi. Mwanabaraka, tunaomba tusogeze mbele ile safari yetu. Kuna maneno."

"Sogezeni," akasema Bi. Mwanabaraka, na simu akaiweka.

Nawal alikuwa amesimama mlangoni. "Mama! Mwambie! Ulikuwepo, ulikaa pale ukila!"

"Nimwambie nini?"

"Kuwa ni filamu!"

"Nikijibu, nimekubali kwamba kuna shtaka. Binti wa Mansour Shamte hana kesi. Wakitaka kuja, mlango wanaujua."

"Na wasipokuja?"

Mama yake akaenda kabatini. Alianza kuvifunga vikombe vipya kwenye magazeti, kimoja kimoja. Hapo Nawal akaelewa kuwa mama yake angekubali kumkosesha mume kuliko kujitetea mbele ya watu, na kwamba yeye, Nawal, asingekubali.

Alimpigia Majaliwa.

"Mimi nimeshamwambia Shangazi ni movie," Majaliwa alisema kwa unyonge. "Anasema mapenzi yamenipofusha. Nita-drive nije mwenyewe na wazee wa msikitini, kama—"

"Usije na mzee yeyote. Mwambie Shangazi aje aitazame filamu yote. Siyo dakika mbili, na siyo kwenye simu. Aje Stafford, akae kwenye sofa letu, aitazame mwanzo hadi mwisho. Akimaliza, akisema nimeolewa, sitabishana naye."

Majaliwa akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Ni ndefu?"

"Saa mbili na dakika arobaini."

"Ina nyimbo?"

"Sita."

"Basi atakuja," akasema Majaliwa. "Shangazi yangu huyo namjua. Utotoni Tanga alikuwa akipigwa kila Jumapili kwa kwenda sinema, na Jumapili inayofuata anakwenda tena."

Bi. Mwanabaraka alipoambiwa, alisema: "Vyema. Mgeni wangu nitampikia. Lakini kutoka kinywani mwangu hatasikia neno la utetezi."

Bi. Riziki aliwasili Jumamosi mchana, buibui jeusi, mkoba mkubwa, uso umekaza. Majaliwa alimfuata na koti lake. Nawal, kwa desturi ya msichana anayezungumziwa, alibaki jikoni, mlango ameurudisha ukaacha ufa. Kupitia ufa huo aliona televisheni yote na nusu ya Bi. Riziki.

"Karibu, Bi. Riziki. Habari za njia?"

"Njema. Magari mengi tu."

"Sukari?"

"Vijiko viwili."

Hayo ndiyo yote waliyoambiana. Filamu ikawashwa. Majaliwa aliomba kuweka maandishi ya Kiingereza chini, shangazi yake akamzuia kwa mkono.

"Ondoa hiyo michirizi. Kihindi nakifahamu."

"Shangazi, hiki ni Kitelugu, si—"

"Nimesema nakifahamu."

Na akaanza kutafsiri kwa sauti. Neno hakupatia hata moja, lakini kisa alikipatia chote. "Huyu mwenye pete ni mbaya. Mtazame anavyomeza mate. Huyo mama atapofuka. Eeh, na yule mbwa atatoa siri." Kachori zilipungua sahanini. Wimbo wa kwanza ulipoanza, mguu wa Bi. Riziki ukaanza kugonga zulia. Wimbo wa pili, buibui lilikwisha kulegezwa. Bi. Mwanabaraka alikuwa kitini mwake na kitabu mkononi. Kitabu hakikufunuliwa.

Ikafika harusi. Moto, nyekundu, shada. Nawal jikoni alishika ukingo wa sinki. Bi. Riziki akaacha kutafsiri. Akainama mbele akatazama uso wa bibi harusi kwenye kioo, kisha akageuka kwa Majaliwa.

"Filamu hii imebakia muda gani?"

"Zaidi ya nusu, Shangazi. Hata mapumziko bado."

"Mapumziko bado?" Bi. Riziki akapiga paja. "Mapumziko bado, na tayari wanaozana? Basi huyu mtoto hamalizi usiku! Nani atamwua? Nionyesheni nani atamwua!"

Aliyemwua ni yule mwenye pete. Bibi harusi aliletewa maziwa ndani ya gilasi ya fedha, na Bi. Riziki akasimama katikati ya sebule akipiga kelele, "Usinywe! Mwanangu, usinywe!" Lakini akanywa, akamwangalia steringi kwa macho yale, akasema kwa sauti ile ya filimbi maneno ambayo hakuna aliyeyajua, akaanguka. Radi ikapiga mara tatu. Kioo kikaandika mapumziko.

Bi. Riziki alikuwa akilia kwa kwikwi, ncha ya mtandio machoni. "Wamemwua. Mtoto mzuri hivi, wamemwua." Mara akainua kichwa. "Yuko wapi? Nawal! Toka huko nikuone!"

Nawal akatoka, mikono ina unga. Bi. Riziki akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua embe sokoni, akamkumbatia hadi unga ukajaa buibui. "U mzima, mwanangu? Alhamdulillahi. U mzima."

Kisha akafuta pua, akatafuta simu mkobani, akabonyeza kile kipaza sauti cha kundi la WhatsApp, na kauli yake ile ambayo Euless nzima inaijua ikasikika hadi kwa majirani.

"Nyie mliosema huyu mtoto kaolewa India! Mimi Riziki niko Stafford, nimeitazama yote, siyo dakika mbili za waroho. Ni kweli kaolewa. Na usiku ule ule kafa kwa sumu! Sasa kama harusi ni ya kweli, na kifo ni cha kweli. Mbona ubani wenu haujafika kwa Bi. Mwanabaraka? Mbona hatukuwaona kwenye hitima? Mliyemwoza njooni mumzike, na mje na mchele. Kwaherini."

Majaliwa alikuwa amejifunika uso kwa koti, mabega yakitikisika. Simu ya Nawal ikaanza kulia jikoni, ikalia tena, vicheko vya watu wa Houston na Dallas vikiingia kimoja baada ya kingine. Yule aliyekata video akakiondoa kipande chake. Wapo waliotuma pole kwa msiba. Mmoja alituma kweli ubani wa dola ishirini, ukarudishwa.

"Shangazi, twende au tukae?" akauliza Majaliwa alipoweza kusema.

"Twende wapi? Steringi hajalipiza!" Bi. Riziki akakaa tena, akavuta sahani ya kachori. "Na wewe, vua hilo koti, unatutia joto. Bi. Mwanabaraka, Jumamosi ijayo nakuja na watu wangu. Safari hii tunakuja na neno letu."

"Mlango mnaujua," akasema Bi. Mwanabaraka. Lakini alikwenda mwenyewe kabatini, akafungua magazeti, akatoa vikombe vipya, na chai ya nusu ya pili ilinywewa humo.

Walioana Stafford, kwa kadhi na mashahidi, kabla ya adhuhuri, na Bi. Riziki hakumruhusu mtu yeyote kumpa bibi harusi maziwa. Nawal na Majaliwa sasa wanaishi Euless. Ijumaa jioni huweka filamu, na shangazi huja kutafsiri.

Siku ile ya kwanza pale Stafford, filamu ilipokwisha na adui amekwisha kutupwa mtoni, Bi. Riziki alisogea karibu na mwenyeji wake, akateremsha sauti.

"Sasa, dada yangu, nieleze mimi tu. Kazi nzuri hivi, kwa nini aliiacha? Na ile ya nne kulitokea nini? Maana watu wanasema—"

"Bi. Riziki," akasema Bi. Mwanabaraka, "chai imepoa. Nikumiminie nyingine?"

Na hilo ndilo jibu. Ya harusi ile yamesemwa hapa kwa sababu yalimgusa binti wa watu katika riziki yake ya ndoa. Ya filamu ya nne ni ya Nawal na mama yake. Anayetaka kuyajua asiulize Houston, asiulize Dallas, na asije Stafford. Hayatasemwa.